UZI: Hataza ya kubadili mipangilio ya mtiririko wa data bila kuzima mfumo. Mkaguzi wa ofisi ya hataza anatazama nini hasa?

Kalamu ya Madai

Wakuu, habari za wakati huu.

Nafungua uzi huu kwa sababu maombi ya hataza (haki ya kulinda uvumbuzi) katika eneo hili yanajikwaa mahali palepale. Dai la kwanza, yaani sentensi inayotaja kile mwombaji anachotaka kilindwe, linasema: mfumo unachakata mtiririko wa data, unapokea mabadiliko madogo ya mipangilio badala ya faili zima, unayatumia bila kuzimwa. Basi, limeishia hapo. Dai la namna hiyo halina pa kusimama. Kutuma tofauti peke yake kumeandikwa kitambo: JSON Patch, muundo wa kueleza mabadiliko ya faili, ilitoka kama RFC 6902 mwaka 2013, na programu ya rsync inapeleka tofauti za mafaili tangu 1996. Kubadili programu ikiwa inatembea nako Kramer na Magee walikueleza mwaka 1990, pamoja na sharti la kuituliza kwanza sehemu inayoguswa.

Kinachobaki cha kudai ni kile kinachotokea dakika ileile ya kubadili: hali iliyohifadhiwa kwenye opereta (sehemu ya mfumo inayochakata rekodi) inakuwaje, na rekodi zilizoko njiani zinahesabiwa kwa toleo lipi. Hapo ndipo penye uvumbuzi, kama upo.

Tuchukue mfano mmoja tutembee nao. Mfumo unapokea miamala ya pesa za simu. Kanuni ya toleo la 7: namba moja ikituma miamala zaidi ya 5 ndani ya dakika 10, toa tahadhari. Linakuja toleo la 8: dirisha liwe dakika 15. Tofauti yenyewe ni tarakimu moja kwenye mstari mmoja. Lakini opereta imehifadhi dakika 10 tu, za nyuma ya hapo imeshazifuta. Dirisha likipunguzwa kutoka 10 hadi 5 hakuna tabu, unatupa ziada. Likipanuliwa, mfumo unatangaza dakika 15 huku mkononi una 10.

Dai la majaribio ni hili:

(a) seva ya udhibiti inapokea tofauti kati ya toleo N na toleo N+1;
(b) inaingiza alama yenye namba ya toleo ndani ya kila mkondo wa data;
(c) opereta ikishaipata alama kwenye mikondo yake yote ya kuingilia, inabadili mipangilio;
(d) rekodi za kabla ya alama zinachakatwa kwa toleo N, za baada yake kwa N+1;
(e) dirisha likiwa limepanuliwa, opereta inaendelea kutoa matokeo ya dirisha la zamani mpaka jipya lijae.

Lipigeni.

Fundi wa Mikondo

Mkuu, nianze na (b) hadi (d), maana hizo ndizo watu huzionea fahari na ndizo zinazokufa mapema.

Wazo la kupitisha alama ndani ya mikondo ileile inayobeba data, ili kila sehemu ijue mpaka kati ya kabla na baada, linatoka kwa Chandy na Lamport, 1985. Apache Flink, mfumo huria wa kuchakata mtiririko wa data, inalitumia kwenye chekipointi zake (nakala za hali ambazo mfumo hurejea ukianguka), na lilielezwa kwa mfumo wa mtiririko mwaka 2015. Halafu kuna mfumo wa Chi wa watu wa Microsoft, uliochapishwa mwaka 2018. Huo unapitisha ujumbe wa udhibiti ndani ya njia za data, na opereta zinabadili mipangilio kadiri ujumbe unavyozifikia. Mkaguzi akiupata huo, na ataupata, anaushika kama waraka wa karibu zaidi.

Ila kuna jambo la kumsaidia mwombaji hapa. Watu wengi wakitaka kubadili kanuni bila kuzima Flink wanatumia hali ya matangazo, iliyokuja na toleo 1.5 mwaka 2018: kanuni mpya inatangazwa kwa opereta zote. Njia hiyo haihakikishi mpangilio. Kanuni inaweza kuifikia nakala ya kwanza ya opereta saa 4:00:01 na nakala ya tatu saa 4:00:04. Kwa sekunde 3 namba moja inapimwa kwa toleo la 8 na nyingine kwa la 7. Kwa hiyo akija na waraka wa hali ya matangazo peke yake, mjibu kwamba (d) haimo. Akija na Chi, jibu hilo halipo tena.

Kifungu 56

Niongeze utaratibu wa Ofisi ya Hataza ya Ulaya, maana wengi hudhani ugomvi uko kwenye katazo la "programu za kompyuta". Haupo hapo. Tangu uamuzi wa Hitachi wa 2004, dai likitaja kompyuta au mtandao linavuka Ibara ya 52 ya Mkataba wa Hataza wa Ulaya bila shida. Ugomvi uko kwenye Ibara ya 56, hatua ya kivumbuzi (uvumbuzi usiwe dhahiri kwa mjuzi wa fani), kwa njia ya uamuzi wa COMVIK wa mwaka 2002, ambayo Baraza Kuu la Rufaa liliithibitisha tena mwaka 2021 katika uamuzi G 1/19.

Ripoti ya upekuzi inakuja na herufi. X ni waraka unaoliangusha dai peke yake. Y unaliangusha ukiunganishwa na mwingine. A ni wa kujua mazingira tu. Ukiona X nyingi dhidi ya dai la 1 na A dhidi ya dai la 9, mkaguzi keshakuonesha mlango. Usipoteze raundi nzima kulitetea dai la 1.

Kisha kila kipengele cha dai kinapimwa: kina mchango wa kiufundi au hakina? Kisicho nacho hakitupwi, ila kinahamishiwa upande wa swali. Fundi, yaani mjuzi wa kawaida wa fani ambaye mkaguzi humfikiria, anapewa kama agizo la mwenye biashara. Katika mfano wetu, kuhama kutoka dakika 10 kwenda 15 na kuamua kwamba miamala 5 ni mingi ni uamuzi wa biashara. Fundi anaambiwa, "nataka dakika 15." Hawezi kudai sifa kwa kuambiwa. Sifa yake inaanzia kwenye jinsi anavyolitekeleza.

Na tahadhari moja ambayo sichoki kuirudia: kumrahisishia mwandishi wa programu kazi si athari ya kiufundi huko. Maelezo yakisema faida ya uvumbuzi ni kwamba "msimamizi anaandika mistari michache ya mipangilio", mmejifungia mlango wenyewe. Andikeni kinachobadilika ndani ya mashine.

Nuru ya Pwani

Mkuu Kifungu 56, hapo kwenye (e) naomba unifafanulie. Tahadhari zisizo za uongo wakati wa kubadili, hiyo si athari ya kiufundi? Mfumo unatoa jibu sahihi zaidi.

Kifungu 56

Dada Nuru, swali lako ndilo mkaguzi atakalouliza kwa namna nyingine: sahihi kwa nani? Tahadhari ya ulaghai ikiwa sahihi, anayefaidi ni idara ya hatari. Ukijenga hoja yako juu ya usahihi wa tahadhari, (e) yote inahamia upande wa biashara: "endelea kutumia kanuni ya zamani mpaka ya mpya iwe tayari" ni agizo ambalo hata mtu wa daftari na kalamu angelitoa.

Hoja ijengwe juu ya memori, muda wa kompyuta, kutosoma historia upya kutoka kwenye Kafka (mfumo unaotunza rekodi kwa mfuatano ili zisomwe tena), au uthabiti baada ya ajali. Na ni lazima athari hiyo itoke kwenye kipengele kilichoandikwa ndani ya dai. Dai la majaribio halisemi madirisha mawili yanahifadhiwaje, kwa hiyo huwezi kudai limeokoa memori.

Fundi wa Mikondo

Hapo Kifungu 56 ameligusa jipu. Tuhesabu.

Njia ya haraka ya kutekeleza (e) ni kuendesha madirisha mawili, la zamani lenye vipande 10 vya dakika moja moja na jipya linaloanza tupu. Jipya linachukua dakika 15 kujaa, na likijaa opereta imebeba vipande 25 kwa kila namba ya simu. Kipande kimoja kikiwa hesabu ya baiti 8, hizo ni baiti 200 kwa namba. Kwa namba milioni 2 ni MB 400 kabla hujahesabu funguo zenyewe.

Njia ya pili: madirisha yote mawili yanasoma vipande vilevile. Alama ikifika, opereta inaacha tu kufuta vipande vya zamani. Inaanza na 10, baada ya dakika 5 inavyo 15, dirisha jipya limejaa. Vipande 15 badala ya 25, baiti 120 badala ya 200, MB 240 badala ya 400, na dakika 5 za mpito badala ya 15.

Hiyo ni athari ya kiufundi isiyo na ubishi. Bahati mbaya, kukata dirisha katika vipande kulichapishwa 2005, na kuvigawana vipande kati ya maswali tofauti kulichapishwa 2006. Kwa hiyo nyaraka hizo zitakuja na herufi Y ubavuni mwa Chi.

Mimi ningehamia kwenye ajali. Alama ya Chi au ya chekipointi inazalishwa mfumo ukiwa unatembea, haimo kwenye kumbukumbu ya Kafka. Sasa tazama. Chekipointi ya mwisho ilichukuliwa rekodi ikiwa nambari 88,000 katika sehemu fulani ya topiki (mkondo wa rekodi ndani ya Kafka). Alama ya toleo la 8 ikaingizwa baada ya rekodi 90,500. Rekodi 93,000 ikasomwa, mashine ikafa. Inapoamka inarudi 88,000, inauliza seva ya udhibiti "toleo lipi?", inajibiwa "la 8". Rekodi 2,500, yaani 88,001 hadi 90,500, ambazo mara ya kwanza zilihesabiwa kwa toleo la 7, sasa zinahesabiwa kwa la 8. Kama matokeo ya mara ya kwanza yalishatoka nje, una majibu mawili tofauti kwa rekodi ileile. Kipengele (d) kimevunjika kimyakimya, na hakuna kosa lolote litakaloandikwa kwenye logi.

Dawa: opereta ya chanzo iandike kwenye hifadhi ya kudumu nafasi ya alama kwa kila sehemu, KABLA ya kuitoa alama. Ikiamka, inaiingiza alama ileile baada ya 90,500 ileile. Mpangilio huo wa hatua haugeuzwi. Ukitoa alama kwanza kisha uandike, mashine ikifa katikati hakuna anayejua alama ilikaa wapi.

Kalamu ya Madai

Hicho ndicho nilichokuwa nakitafuta, mkuu. Mkaguzi atasema kuandika kwanza kisha kutenda ni desturi ya hifadhidata kwa miongo kadhaa, na atakuwa amesema kweli. Lakini swali la Ulaya si kama fundi *angeweza*, ni kama *angefanya* hivyo akianzia Chi akiwa na tatizo mkononi. Tatizo tulitaje vizuri: "namna ya kuhakikisha mpaka kati ya matoleo mawili unabaki kwenye rekodi ileile baada ya kurudia kusoma." Tukilitaja hivi, mkaguzi anaweza kutuambia tumeweka sehemu ya jibu ndani ya swali. Bado ni ugomvi wa haki, tofauti na ule wa JSON Patch tuliokwisha kushindwa.

Kuna jambo lingine la njiani. Fundi, foleni zikijaa alama inakwama nyuma ya mabafa (memori za muda zenye rekodi zinazosubiri). Flink tangu 1.11, mwaka 2020, inaruhusu alama ya chekipointi kuyaruka mabafa. Mwombaji akiiga hilo kwa alama ya mipangilio?

Fundi wa Mikondo

Anavunja (d) mwenyewe. Chekipointi inaweza kuruka kwa sababu rekodi zilizorukwa zinahifadhiwa pamoja nayo. Alama ya mipangilio ikiruka, rekodi zilizorukwa zitakuta opereta imeshabadilika.

Njia ya kutoka ni kila rekodi kubeba namba ya toleo lake, na opereta kushika mipangilio miwili mpaka za zamani ziishe. Ila mwandishi wa madai ajue: hilo lilifanywa kwenye mitandao. Mwaka 2012 Reitblatt na wenzake walieleza kusasisha swichi kwa kuipa kila pakiti namba ya toleo, ili pakiti moja isipite kwenye kanuni mchanganyiko. Mkaguzi mzuri anapekua fani jirani. Msiandike dai la namba ya toleo kwenye rekodi kana kwamba hakuna aliyewahi kuliwaza.

Wakili wa Mto

Niseme ya Marekani kwa ufupi, maana dai lilelile linaulizwa maswali mengine.

Kuna Kifungu 101 cha sheria ya hataza ya Marekani, kinachosema nini kinaweza kupewa hataza, na uamuzi wa Alice wa 2014, unaokataa wazo tupu lililowekwa tu kwenye kompyuta. Kesi ya kuiogopa ni Electric Power Group ya 2016: kukusanya data kutoka vyanzo vingi, kuichambua na kuonesha matokeo kulitajwa kuwa wazo tupu. Dai letu likisomeka kama "pokea miamala, pima, toa tahadhari", linaingia humo moja kwa moja. Kesi ya kukimbilia ni Enfish, 2016 hiyohiyo, ambapo muundo wa jedwali ulioboresha utendaji wa kompyuta yenyewe ulipita. Kwa hiyo neno "muamala" lisiwepo kabisa kwenye dai la 1. Liende kwenye dai tegemezi, lile linaloongeza sharti juu ya dai la 1.

La pili ni neno "moduli". Ukiandika "moduli iliyosanidiwa kusasisha mipangilio", baada ya Williamson dhidi ya Citrix ya 2015 unaweza kusomwa chini ya kifungu 112(f). Hapo dai linabanwa na algoriti iliyoko kwenye maelezo. Kama maelezo hayana algoriti, bali kisanduku kilichochorwa na kuandikwa "moduli", dai linakataliwa kwa kutoeleweka. Mchoro wa visanduku bila chati ya hatua ni hatari kubwa kuliko watu wanavyodhani.

Jibu la barua ya mkaguzi lina miezi 3, unaweza kulipia nyongeza hadi mwezi wa 6. Zaidi ya hapo ombi limeachwa.

Nuru ya Pwani

Na kuongeza vitu kwenye dai baadaye? Tuseme ombi liliwekwa na (a) hadi (e) tu, hili la kuandika nafasi ya alama likakumbukwa barua ya kwanza ilipofika.

Kifungu 56

Limeshachelewa, dada. Ibara ya 123(2) hairuhusu kitu ambacho hakikuwemo siku ya kuwasilisha. Na hata kama kimo, angalia kimekaaje. Maelezo yakisema tu "katika mfano mmoja, opereta ya chanzo inasimamisha usomaji, inamwaga mabafa, inaandika nafasi, kisha inatoa alama", huwezi kuchomoa "inaandika nafasi" peke yake ukaipeleka kwenye dai na kuacha kusimamisha na kumwaga. Mkaguzi atakuambia vitu hivyo vilikuja vimefungwa pamoja. Ili uweze kuvitenganisha, sema wazi kwenye maelezo: kumwaga mabafa ni hiari, kuandika nafasi kunajitegemea.

Pia baada ya barua ya kwanza ya mkaguzi, marekebisho mengine yanahitaji ridhaa yao, Kanuni ya 137(3). Weka madai tegemezi tangu mwanzo kama ngazi ya kushukia. Madai yakizidi 15 kila la ziada lina ada, basi yapange kwa akili.

Wakili wa Mto

Na msitangulie kuchapisha. Eneo hili limejaa programu huria, na pendekezo la wazi, kodi iliyowekwa hadharani au slaidi za mkutano zote ni ufichuzi. Marekani ufichuzi wako mwenyewe una msamaha wa miezi 12. Ulaya hakuna msamaha wa kawaida namna hiyo. Ombi kwanza, kodi hadharani baadaye, hata kama ni siku moja.

Kalamu ya Madai

Kwa walioko nyumbani wanaouliza pa kuanzia: ofisi ya hataza Kenya ni KIPI, Tanzania bara ni BRELA, na ARIPO, shirika la kikanda la Afrika lililoko Harare, inaweza kupokea ombi moja likataja Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda. Sheria ya Kenya ya 2001 inaondoa mbinu za biashara na uwasilishaji tupu wa taarifa, kwa hiyo ushauri wa kulitoa neno "muamala" kwenye dai la 1 unafaa na huko. Kodi yenyewe inalindwa na hakimiliki bila kusajili hataza, lakini hakimiliki haimzuii mtu kuandika njia ileile kwa kodi yake. Ukiwasilisha ombi la kwanza una miezi 12 ya kwenda kwingine kwa kipaumbele, yaani ukihesabiwa tarehe ile ya kwanza. Kwa njia ya PCT, mkataba wa kimataifa wa maombi ya hataza, una miezi 30 kuingia Marekani au Kenya, 31 kuingia Ulaya au ARIPO. Ombi linachapishwa mwezi wa 18.

Dai baada ya kipigo chenu:

"Njia inayotekelezwa na kompyuta ya kubadili mipangilio ya mfumo uliosambazwa unaochakata rekodi kutoka kwenye kumbukumbu inayoweza kusomwa upya na iliyogawanywa katika sehemu, ambapo: kwa kila sehemu, opereta ya chanzo inachagua nafasi ya kusomea, inaandika nafasi hiyo pamoja na namba ya toleo jipya kwenye hifadhi ya kudumu, baada ya kuthibitishiwa kwamba imeandikwa, inaingiza kwenye mkondo alama yenye namba hiyo, opereta ya chini inabadili toleo ikishapata alama kwenye mikondo yake yote, na mfumo ukirejeshwa kwenye chekipointi iliyo nyuma ya nafasi hiyo, opereta ya chanzo inaanza kwa toleo lililohifadhiwa ndani ya chekipointi, bila kuuliza toleo la sasa, na inaingiza alama upya kwenye nafasi iliyoandikwa."

Dai la 2 ni vipande vinavyogawanwa, likisema ufutaji unasitishwa mpaka idadi ya dirisha jipya itimie. La 3 ni chekipointi iliyochukuliwa katikati ya mpito kubeba idadi ya vipande vilivyokwisha kusanywa. Muamala unatajwa kwenye la 7.

Fundi wa Mikondo

Mkuu, ongeza kwenye maelezo kesi ya sehemu isiyopokea rekodi. Sehemu moja ikiwa kimya, chanzo kinachosubiri rekodi ijayo ndipo kiingize alama hakitaiingiza, opereta ya chini itasubiri mkondo huo, na toleo la 8 halitaanza popote. Andika kwamba nafasi inaweza kuwa mwisho wa sasa wa sehemu na alama inatolewa bila kusubiri rekodi. Usipoliandika, mkaguzi atauliza kama njia inafanya kazi kweli, na hutaruhusiwa kuliongeza.

Kalamu ya Madai

Limeingia, aya ya nne ya mfano wa kwanza, na chati yake ya hatua.